Charahani ya Bibi Isigeuzwe Pambo Ikiwa Bado Inashona



Leo tuna neno juu ya charahani za zamani. Siku hizi ukiingia mkahawa mpya hapa mjini, au hoteli za huko pwani ya mashariki, huchukui muda kuziona. Utakuta charahani nyeusi yenye maua ya dhahabu, imetobolewa kichwani na kutiwa taa. Utakuta miguu ya chuma imewekewa kioo juu, ndiyo meza ya kunywea kahawa. Au utakuta kichwa peke yake, kimepulizwa rangi ya waridi, kimekaa dirishani na chungu cha maua ubavuni. Watu wanapiga picha, wanasifu. Na kweli vinapendeza, hatutasema uongo.

Ila sisi ni mafundi charahani. Tulimaliza sekondari, tukenda kusomea ushoni, na mpaka leo mkate wetu unatoka kwenye ncha ya sindano. Tukiona taa ile, macho yetu hayaendi kwenye balbu. Yanakwenda kwenye gurudumu: linazunguka au limekwama? Yanakwenda kwenye sindano: bado ipo? Na mara nyingi, tukilisogeza gurudumu kwa kidole, linazunguka laini kabisa. Hapo roho hutuuma. Chombo kizima kimetiwa kaburini, tena kimevalishwa vizuri.

Rai yetu tuiseme mapema ili tusizungukane. Charahani iliyokufa kweli igeuzwe chochote mtu atakacho: taa, meza, ndege, meli, saa ya ukutani. Hiyo ni sanaa na tunaipenda. Lakini charahani ambayo bado inaweza kushona isitobolewe, isikatwe, isipulizwe rangi. Ipambe nyumba au duka kwa namna ambayo kesho mtu akiitaka, ataifuta vumbi, ataitia uzi, na kazi itaendelea.

Wenzetu na injini zao za mvuke

Jambo hili si letu peke yetu. Ulaya wako watu wenye mapenzi makubwa na injini ndogo za mvuke, zile zilizotengenezwa kuwa michezo ya watoto. Zamani Wajerumani walikuwa mabingwa wake: kampuni ya Märklin ilianza mwaka 1859, na Bing ya mjini Nürnberg ilijulikana dunia nzima kwa michezo ya bati. Uingereza kulikuja Mamod mwaka 1937, kutoka Birmingham. Ujerumani tena, kampuni ya Wilesco ikaanza kutengeneza injini hizi mwaka 1950, na bado zinauzwa.

Ni kitu kidogo cha kukaa juu ya meza. Kina chungu cha shaba ya njano cha kuchemshia maji, wenyewe wanakiita boila, na chini yake kuna kitaa cha spiriti. Maji yakichemka, mvuke unasukuma pistoni, pistoni inazungusha gurudumu. Mtoto akitaka, anafunga mkanda kwenye gurudumu lile na kuendesha kinu kidogo au msumeno mdogo. Ukiangalia vizuri, akili yake iko karibu na ya charahani: gurudumu, mkanda, na chuma kinachopanda na kushuka.

Sasa injini hizo zimekuwa vitu vya kale, na wapo wanaozichukua mbovu na kuzigeuza mapambo. Wanazipandisha juu ya ubao mzuri, wanaziunganisha na vyuma vingine, wanatunga mashine za kubuni ambazo hazijawahi kuwepo duniani. Hapo ndipo wapenzi wa vitu hivi wanapogawanyika. Wako wanaosema kilichoharibika kipewe maisha mapya. Wako wanaosema kila unapotoboa kitu cha kale unapunguza kimoja duniani, na hakirudi. Wenye busara kati yao wameshika njia ya katikati. Hawakati wala hawachomelei kile kinachoweza kufungwa kwa skrubu. Sehemu wanazozitoa wanaziweka kwenye boksi pamoja na injini yenyewe. Na kama boila limechoka hawaliwashi tena moto, kwa sababu boila lililochoka linaweza kupasuka na kumuunguza mtu. Wanaiendesha kwa upepo wa pampu au kwa mota ndogo, gurudumu linazunguka, macho yanafurahi.

Tumeipenda busara hiyo na tunaiazima. Lakini tuone tofauti. Injini ile ilikuwa mchezo. Ikistaafishwa, hakuna anayelala njaa, na boila likizeeka kustaafu ndiyo salama yake. Charahani haikuwa mchezo. Charahani ni sahani ya mtu. Na uzee wake hauna hatari kwa mtu. Inachotaka ni mafuta, mkanda na sindano mpya.

Kitu gani hiki tunachokitoboa?

Nyingi ya zile nyeusi zenye maua ya dhahabu ni Singer. Isaac Singer alipata hati ya uvumbuzi wake Marekani mwaka 1851. Hakuwa wa kwanza kubuni charahani, lakini kampuni yake ilijua kuiuza. Ilimwezesha mtu wa kawaida kuchukua mashine nyumbani na kulipa kidogo kidogo, jambo ambalo leo kila mwenye duka la samani analifanya.

Zile zilizoingia sehemu zetu wakati wa Mwingereza, nyingi zilitoka Scotland, mji wa Clydebank, kwenye kiwanda kilichoitwa Kilbowie. Kilianza kazi miaka ya 1880. Kufika mwaka 1913 kilikuwa kikitoa zaidi ya charahani milioni 1 kwa mwaka. Ukikuta sampuli imeandikwa 99K au 201K, ile K ni ya huko. Kiwanda kilifungwa mwaka 1980, lakini kituo cha treni cha hapo mpaka leo kinaitwa Singer.

Liko jambo moja la kiwanda hicho ambalo wanawake wenzetu tungependa mlijue. Mwezi wa Machi 1911, wanawake 12 waliokuwa waking'arisha makabati ya mbao ya charahani waliacha kazi. Kazi ilikuwa imepangwa upya na mzigo wao ukaongezwa. Wenzao wakawaunga mkono, na siku chache baadaye waliogoma walipita elfu 10. Hawakushinda. Lakini ukiliona lile kabati la mbao au kile kifuniko kinachong'aa, fahamu kuwa mng'aro ule ulitoka kwenye mikono ya wanawake waliochoka. Leo mtu anaupiga msasa asubuhi moja ili mbao ionekane "ya kizamani". Ya kizamani ilikuwa tayari!

Na mashine hizi hazikujengwa kwa miaka mitano. Ndani hakuna plastiki. Kila palipo na chuma kinachosuguana na chuma pana tundu la kutilia mafuta. Aliyezitengeneza alijua zitakaa, akaacha njia ya kuzitunza. Ndiyo maana mashine ya miaka 80 inaweza kukaa mbele yako leo na ikashona dera kama iliyotoka dukani.

Tuliokaa gizani tunajua

Labda mtu atasema, "Dada zetu, hii ni dunia ya umeme, nani anataka kuzungusha gurudumu kwa mkono?"

Tujikumbushe. Mwaka 2008 Unguja tulikaa karibu mwezi mzima bila ya umeme. Halafu kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi 3, waya unaopita chini ya bahari ulipoharibika. Sisi tulikuwa wasichana wakati huo. Tunakumbuka friji zilivyogeuzwa makabati, tunakumbuka kelele za majenereta, na bei ya kila kitu ilivyopanda. Januari ilikuwa humo ndani, na Januari ni mwezi wa sare za skuli. Fundi mwenye charahani ya umeme bila jenereta alikaa mikono mapajani. Fundi mwenye charahani ya miguu aliisogeza mlangoni penye mwangaza, akakanyaga. Watoto walikwenda skuli na sare zao.

Leo umeme ni afadhali, alhamdulillahi. Lakini unakatika, na unalipiwa. Mwanamke anayeanza kushona nyumbani, mtaji wake wote ni mita kumi za kitambaa na nia, kwake yeye mashine isiyokula umeme si kitu cha kale. Ni njia ya kuanza. Hata chuoni sisi tulianzia kwenye ya miguu: unakanyaga bila uzi juu ya karatasi yenye mistari, mpaka mguu na jicho vielewane. Aliyejifunza hivyo akikaa kwenye ya umeme, mashine haimkimbii.

Tunamjua mama mmoja wa Ng'ambo, jina lake tunalihifadhi. Marehemu mama yake alimwachia charahani ya miguu, na kwa mashine hiyo bibi yule alilea watoto akiwa mjane. Akaja mtu wa hoteli moja, akaipenda, akatoa pesa. Mama akauza, ilikuwa haki yake na alikuwa na shida. Miaka miwili baadaye binti yake akamaliza kozi ya ushoni. Cheti anacho, mikono anayo, mashine hana. Mashine ya bibi yake iko hotelini, imetobolewa pale pale unapopita mshipi mkuu, waya wa taa umepitishwa humo. Hata wangekubali kuirudisha, haitashona tena. Binti anashona kwa kuazima mashine za watu, saa ambazo wenyewe hawazitumii.

Hatumlaumu mama. Kilichotuuma ni kuwa mambo yote mawili yaliwezekana. Hoteli ingepata pambo lake, na charahani ingebaki hai, kama mtu mmoja tu angeuliza kabla ya kushika keekee.

Na ajabu ya dunia ni hii. London, kampuni ya nguo ya AllSaints ilijaza madirisha ya maduka yake charahani kuukuu, mamia kwa mamia, zikapangwa kama vitabu kwenye rafu. Huko huko Uingereza, shirika la hisani la Tools for Self Reliance lilikuwa likikusanya charahani za namna ile ile, watu wa kujitolea wakizisafisha na kuzirekebisha, halafu zikaletwa Afrika, Tanzania ikiwemo, ziwafae mafundi. Mashine moja, hatima mbili. Wenzetu wamezivusha bahari zije zishone kwetu, na sisi za kwetu tunazitoboa!

Utajuaje kuwa imekufa?

Mashine nyingi zinazoitwa mbovu zimelala tu. Kabla hujaamua chochote, fanya haya.

Vua mkanda, kisha jaribu kuzungusha gurudumu kwa mkono. Likigoma, usilipige nyundo. Tia matone ya mafuta ya taa kwenye kila tundu na kila palipo na kiungo, iache usiku mmoja, hata siku tatu. Kila ukipita, lisogeze kidogo mbele na nyuma. Kilichogandisha mara nyingi ni mafuta ya zamani yaliyokauka yakawa kama gundi. Likifunguka, futa uchafu wote kwa kitambaa, halafu tia mafuta ya charahani yenyewe. Mafuta ya nazi na ya kupikia usithubutu, ndiyo yanayoganda.

Geuza mashine utazame chini. Toa vumbi la pamba chini ya meno yanayovuta kitambaa. Weka sindano mpya, maana sindano iliyopinda imeziponza charahani nyingi zisizo na kosa. Tazama bobini. Kama ni ya mviringo ya kawaida, una bahati, kwa sababu sampuli ya Singer 15 ilinakiliwa sana Japani na China, na zile Butterfly tunazozijua wengi wetu ni ukoo huo huo, vifaa vyake vingi vinakubaliana. Kama ndani kuna kichombo kirefu kama mashua ndogo na bobini nyembamba ndefu, hiyo ni ya zamani zaidi. Vifaa vyake ni vigumu kuvipata hapa, kwa hiyo kichombo hicho usikipoteze, ndiyo roho ya mashine.

Iliyokufa kweli ni ile yenye mwili wa chuma uliopasuka, au mshipi mkuu uliovunjika, au meno ya ndani yaliyolika na hakuna ya kubadilishia, au iliyoliwa na kutu mpaka vyuma vimekuwa kitu kimoja. Mpelekee fundi anayetengeneza charahani akuhakikishie. Akikwambia haponi, basi chukua ruhusa yako. Itoboe, ipake rangi, ifungue ubavu ili watu waone meno ya ndani, itie kimota kidogo kama wale wa injini za mvuke ili gurudumu lizunguke polepole dirishani. Tutakuja kupiga picha na sisi.

Pambo bila kuua

Kwa ile iliyo hai, haya ndiyo tunayowashauri wateja wetu.

Miguu ya chuma ukiitaka kwa meza, ichukue. Kioo au ubao ukalie juu kwa vipira vidogo, au ufungwe kwa skrubu kwenye matundu yaliyokwishakuwepo, usichomelee. Kichwa usikiuze kwa watu wa chuma chakavu. Vichwa vingi vina kibonge cha chuma chenye tundu la skrubu karibu na gurudumu, pale panapofungwa mota. Pale pale hufungwa mkono wa kuzungushia, mradi gurudumu liwe lile lenye matundu kama ringi ya gari. Ukikitia kwenye kisanduku cha mbao cha kukalia, una charahani ya mkono. Mashine moja imekupa meza yako, na mtu mwingine imempa kazi.

Ukitaka taa, nunua taa ya kubana au ya kusimama uiweke nyuma yake, mwanga umwagike juu ya maua ya dhahabu. Inapendeza kuliko balbu iliyochomoza kichwani kama pembe.

Kwa duka la nguo, hakuna pambo linaloishinda charahani iliyo kazini. Weka kanga nusu imeshonwa chini ya sindano, uzi umetungwa, mkasi ubavuni. Mteja akiona anajua hapa panashonwa. Ila usiache mguu wa kubania kitambaa umeshuka juu ya meno bila kitambaa katikati, vitasuguana.

Kifuniko cha mbao kikigeuzwa chini juu kinafaa kuwekea mitandio au vitambaa vya sampuli. Kwa maua hatukishauri. Maji yataioza mbao. Droo ndogo za pembeni ni nzuri kwa vifungo, shanga na vipuli.

Usafi wake ni kitambaa laini na mafuta kidogo ya charahani. Spiriti na thina zisiguse maua ya dhahabu, zinayeyusha vanishi na maua yanaondoka nayo. Na sisi wa kisiwani tuna adui wetu, hewa ya chumvi. Charahani isikae kwenye dirisha linalotazama bahari. Ifute kwa mafuta kila baada ya wiki chache, na kila mwezi zungusha gurudumu mara kumi ishirini. Chuma kinachotembea hakigandi.

Na ukitoa kitu chochote, hata skrubu moja, kiweke kwenye mfuko, uandike jina, ukifungie ndani ya droo. Atakayekuja baada yako atakuombea dua.

"Mali yangu, nifanye nitakavyo"

Tunayasikia hayo, na kisheria ni kweli. Pia tunajua wako vijana wanaoishi kwa kazi hiyo ya kukata na kuchomelea, na riziki ya mtu hatuichezei. Lakini kijana anayejua kuchomelea anaweza pia kujifunza kuzifufua. Kuna tofauti gani ya kazi kati ya kutwa nzima ya kutoboa chuma na kutwa nzima ya kukisafisha? Tofauti ni kuwa aliyetoboa ameuza mara moja, na aliyefufua ana mteja atakayerudi kwa mafuta, mkanda na matengenezo.

Wenye hoteli nao tunawaambia kwa heshima: mgeni anayekuja Zanzibar ameshaona taa za namna hiyo kwao. Hajaona mama aliyekaa kwenye kibaraza anashona kwa charahani ya mama yake, anamkatia mgeni kanga na kumshonea begi akiwa amesimama hapo hapo. Hilo ni pambo pia, tena linaloingiza pesa kwa watu wawili.

Na sisi wenyewe wanawake tusijitoe. Wengi wetu tuna charahani chini ya ngazi au juu ya kabati, imefunikwa kanga kuukuu, tunasema "siku moja". Dini yetu imetukataza israfu, na tumezoea kuifikiria kwenye chakula na sherehe tu. Kitu kizima kinachoweza kulisha nyumba, kikaachwa kiliwe na kutu au kikatobolewa kwa ajili ya picha, nacho ni upotevu. Ukimpa msichana aliyemaliza kozi na hana mashine, kila nguo atakayoishona na kila mtoto atakayemlisha kwayo, huenda ikawa sadaka yenye kuendelea kwako na kwa bibi yako aliyeiacha. Ukishindwa kutoa, azimisha. Ukishindwa kuazimisha, uza kwa fundi kwanza kabla ya kumuuzia mwenye mkahawa.

Kwa hiyo, mpenzi, wiki hii ishushe kutoka juu ya kabati. Tia mafuta ya taa, subiri, kisha zungusha gurudumu. Likikataa kabisa, na fundi akathibitisha, ibuni uipendavyo. Likikubali, kaa chini utie uzi, ujaribu mshono mmoja tu juu ya kipande cha kanga. Ukiusikia ule mlio wake, hatudhani utaitaka keekee tena.

Allah atubariki katika vilivyo mikononi mwetu. Maassalaam.